Kulisoma na Kulibadili Jengo la Kale la Biashara Mjini Mwanza

Katikati ya Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi mitaa inayoteremka kuelekea ziwani, bado yapo maduka ya zamani ya mtindo wa enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza, yenye kuta nene, baraza mbele, mapambo ya chokaa juu ya milango, na paa la bati lililojificha nyuma ya ukuta wa mbele. Mengi yamekatwakatwa kuwa fremu (vyumba vya kupangisha vya biashara), yakapigwa lipu ya saruji ndani na nje. Baada ya masika mawili matatu rangi inavimba, chumvi nyeupe inachomoza, lipu inadondoka vipande vipande, na mwenye jengo anaambiwa ukuta umechoka, auvunje ajenge upya. Ukuchunguza unakuta kilichouchosha ukuta ni matengenezo yenyewe.

Maelezo haya ni ya mwenye jengo, mpangaji wa muda mrefu na fundi anayetaka kufungua mlango mpana zaidi, kugawa vyumba au kurekebisha paa huku jengo likibaki salama. Mpangilio wa kazi ni huu: kulisoma jengo, kuyadhibiti maji, kuponya kuta, kisha ndipo ukate. Ukianza na kukata, hayo mengine yatakudai baadaye kwa gharama kubwa zaidi.

Jengo ni la lini, na nani kaongeza nini

Kituo cha Wajerumani Mwanza kilianzishwa mwaka 1892. Malkia Victoria, ambaye mpelelezi Mwingereza Speke alilipa ziwa jina lake mwaka 1858, alifariki Januari 1901. Kwa hiyo duka la enzi yake hasa ni nadra sana hapa. Lakini ujenzi wa enzi hiyo ulifika na ukadumu miongo kadhaa baada yake, na kilichouleta ni njia ya mizigo. Reli ya Uganda iligusa ziwa pale Kisumu Desemba 1901, meli zikaiunganisha Kisumu na Mwanza na Bukoba. Tangu hapo hadi reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, bidhaa nyingi za dukani na vifaa vya ujenzi kutoka ng'ambo vilipitia Mombasa na Kisumu. Ukikuta mhimili wa chuma wa Uingereza ndani ya jengo la wakati wa Mjerumani, usikimbilie kusema jengo ni la baada ya Waingereza kuutwaa mji Julai 1916.

Anza na karatasi. Hati na ramani ya upimaji vitakupa namba ya kiwanja, kitalu na mipaka, na mara nyingine historia ya umiliki. Kama jengo lilikuwa la kupangisha na thamani yake ilizidi shilingi 100,000, huenda liliguswa na sheria ya kutwaa majengo ya mwaka 1971. Majengo hayo yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Faili la huko linaweza kuwa na michoro, tathmini na kumbukumbu za matengenezo ambazo hutazipata kwingine. Pia litakuonyesha nani hasa mwenye mamlaka ya kukuruhusu upasue ukuta. Kilemba, yaani fedha uliyolipa kwa mpangaji aliyetangulia ili akuachie nafasi, hakikupi ruhusa hiyo.

Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam zina mafaili ya utawala wa Kijerumani na vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza. Picha za zamani za mji unaweza kuzitafuta kwenye intaneti katika mkusanyo wa picha za kikoloni wa maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt. Andika "Muansa", kwa sababu ndivyo Wajerumani walivyoliandika jina. Picha moja inayoonyesha baraza lako likiwa na nguzo za mbao badala ya zege ina thamani kuliko simulizi kumi za mtaani.

Kisha lisome jengo lenyewe. Kanuni ni kwamba kila kifaa kinakuambia "si kabla ya mwaka fulani", basi. Hakikuambii mwaka wa ujenzi.

Mwaka ulioandikwa kwenye ukuta wa juu wa mbele, mara nyingi pamoja na jina kwa Kigujarati au Kiingereza, ni mwaka wa ule uso. Duka la nyuma yake linaweza kuwa la zamani zaidi, lililovalishwa uso mpya biashara ilipochangamka. Mihimili ya chuma husomeka ubavuni: kwangua rangi na kutu kwa brashi ya waya karibu na katikati, utaona maandishi yaliyoinuka kama DORMAN LONG na ENGLAND, au BURBACH ambayo ni ya Ujerumani. Ukikuta kipande cha reli kimetumika kama lenta (mhimili wa juu ya mlango au dirisha), ubavuni mwake huwa na jina la kiwanda na mwaka. Huo ni mwaka wa kutengenezwa reli. Ukutani iliingia baadaye, pengine miaka thelathini baadaye, ilipoondolewa njiani.

Vigae vya paa vya Mangalore, kutoka India, vina mtego wake. Vikiwa na mhuri wa BASEL MISSION TILE WORKS na 1865, huo ni mwaka wa kuanzishwa kiwanda kule India na haukuambii kigae kilifyatuliwa lini. Vyenye jina la COMMONWEALTH ni vya baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kiwanda kilipobadili mikono.

Pima vyumba na milango kwa futi na kwa mita. Vipimo vikiangukia kwenye futi kamili, kwa mfano mlango wa futi 4 na ukuta wa inchi 18, kazi ilipangwa kwa kipimo cha Kiingereza. Vikiangukia kwenye mita kamili au nusu mita, fikiria Mjerumani au kazi ya kisasa. Hii ni dalili tu. Waashi wa Kihindi walipima kwa futi hata chini ya utawala wa Mjerumani. Soketi za pini za duara zinaonyesha nyaya za zamani. Za pini bapa tatu zinafuata kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947. Na ukuta wa tofali za saruji ndani ya jengo la mawe, uchukulie kuwa ni nyongeza hadi upate ushahidi tofauti. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza mwaka 1966, na kabla ya hapo saruji ya kufyatulia tofali ilikuwa bidhaa ya kutoka nje.

Mwisho tafuta mishono. Nyongeza huacha ufa ulionyooka wima pale ukuta mpya ulipoegemea wa zamani bila kufungamana. Ghorofa iliyoongezwa baadaye hujionyesha kwa ukuta kupungua ghafla, kwa mfano kutoka inchi 18 chini hadi 9 juu, au kwa mawe kugeuka kuwa tofali za kuchoma. Chora yote haya kwenye karatasi moja, rangi moja kwa kila kipindi. Pima kila chumba pamoja na mishazari yake miwili, kona hadi kona. Mishazari isipolingana chumba hakiko mraba, na ni heri ulijue hilo kabla hujanunua vioo na shata.

Ukuta umejengwa kwa nini

Kuta nyingi za zamani hapa ni mawe ya granite, yale yale yaliyotapakaa vilimani, juu ya msingi wa mawe makubwa. Nyingine ni tofali za kuchoma, na nyingine ni tofali mbichi za udongo zilizofunikwa chokaa. Swali kubwa ni kilichounganisha hayo mawe au tofali. Toboa lipu mahali pasipoonekana, ingia sm 5 ndani ya kiungo, toa kipande cha ukubwa wa kidole gumba.

Kitumbukize kwenye glasi ya maji. Kikilegea na kugeuka tope ndani ya dakika chache, ni udongo. Kikibaki kizima, kikaushe, kisha kidondoshee siki au ndimu: kikitoa mapovu na kikwanguliwa kwa kisu, ni chokaa. Kikiwa kigumu, cha kijivu, na kisu kinateleza, ni saruji. Rudia jaribio angalau sehemu tatu, chini, katikati na juu, maana ukuta mmoja huweza kuwa na zote tatu.

Jibu likiwa udongo au chokaa, na mara nyingi litakuwa hilo, umeshajua kwa nini lipu ya saruji inaua. Ukuta wa namna hiyo hupokea unyevu kidogo kutoka chini na kutoka mvua, kisha huutoa nje kupitia viungo na lipu laini. Saruji huufungia ndani. Unyevu hupanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea, hubeba chumvi, na chumvi inapoganda nyuma ya lipu huisukuma. Udongo ulio katikati ya mawe hulowa na kupoteza nguvu kabisa. Kwa nje ukuta unaonekana mgumu, ndani umekuwa uji.

Nyufa nazo zipimwe kabla ya kuhukumiwa. Bandika kipande chembamba cha kioo au mkanda wa jipsamu kukatiza ufa, andika tarehe pembeni, chora mistari kwenye ncha mbili za ufa. Acha mvua za vuli na masika zipite. Kioo kikibaki kizima, ufa ni wa zamani na unazibika. Kikivunjika, kuna kinachotembea, na kuziba ni kupoteza hela. Ufa wa chini ya mm 2 usioongezeka haukupi sababu ya kukosa usingizi. Ufa unaozidi mm 5, au ulio mpana juu kuliko chini, au uliofuatana na ukuta kutoka kwenye timazi, yaani kuacha kusimama wima, mwite mhandisi aliyesajiliwa.

Maji kwanza

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Duka la mita 12 kwa 15 lina paa la mita za mraba 180. Mvua ya mm 50, ambayo masika huweza kuimwaga kwa saa moja, ni lita 9,000. Zote hizo kwenye majengo mengi ya zamani huelekezwa kwenye gata (mfereji wa maji ya paa) moja iliyofichwa nyuma ya ukuta wa mbele. Hiyo gata ndiyo sehemu hatari kuliko zote kwenye jengo, kwa sababu ikivuja inamwaga ndani ya ukuta na hakuna anayeona hadi dari idondoke.

Ipandie uikague. Upana wake usipungue sm 30, ili fundi aweze kukanyaga bila kuikunja. Mteremko uwe angalau sm 1 kwa kila mita. Bati lake liwe geji 24 (geji ni kipimo cha unene wa bati), viungo vikunjwe na kulehemewa kwa risasi. Silikoni peke yake haimalizi misimu miwili ya jua la Mwanza. Kwa mabomba ya kushushia maji, tumia kadirio la sentimita ya mraba 1.5 ya bomba kwa kila mita ya mraba ya paa. Paa letu la 180 linahitaji 270. Bomba la inchi 4 lina takriban 78, kwa hiyo yanahitajika manne. Majengo mengi yana mawili, na moja limejaa majani na manyoya ya kunguru. Tena toboa ukuta wa mbele uweke mdomo wa dharura, usawa wake ukiwa chini ya pale ambapo maji yangeanza kupita chini ya bati. Siku maji yakitoka pale, kila mtu mtaani ataona kwamba bomba limeziba.

Mabati ya zamani usiyadharau. Mengi ni mazito kuliko geji 30 inayouzwa leo, na kumbuka namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Kama kutu haijatoboa, yasugue, piga rangi ya kuzuia kutu, badilisha misumari kwa skrubu zenye mpira, zikae kwenye mgongo wa bati na si bondeni. Ukibadilisha, usiweke bati jembamba kuliko geji 28. Kabla ya hapo choma kenchi na papi, yaani mbao zinazobeba bati, kwa bisibisi: ikizama zaidi ya sm 1 bila nguvu, mchwa au uozo umeingia. Kagua hasa ncha za mbao zilizozama ukutani. Ukirudisha mbao mpya, iachie nafasi ya sm 2 pembeni ipate hewa. Mninga na mvule vya zamani vikiwa vizima usivibadilishe na paini changa kwa sababu tu vimepauka.

Paa likiwa la shiti za asbestosi, usikate, usitoboe, usisugue. Vumbi lake huharibu mapafu. Na rangi za zamani kwenye milango huweza kuwa na risasi; zilowanishe kabla ya kukwangua, kusanya maganda, watoto wakae mbali.

Chini nako kuna kisa chake. Barabara hupandishwa kila inapotengenezwa upya, na baada ya miaka mingi baraza linakuwa chini ya mtaa. Maji yanayotiririka kutoka milimani yanaingia dukani. Pale unaporuhusiwa, shusha udongo wa nje uwe angalau sm 15 chini ya sakafu ya ndani. Usipoweza, chimba mfereji wa kokoto sambamba na ukuta, wenye mteremko hadi kwenye mtaro, lakini usichimbe chini ya kitako cha msingi. Kwa majengo yaliyo karibu kabisa na ziwa, zingatia kwamba maji yalipanda sana miaka ya mwanzo ya 1960 na tena mwaka 2020; usiweke umeme wala stoo ya bidhaa mahali ambapo alama ya maji ya 2020 ilifika.

Kurudisha chokaa

Kazi hii ifanyike Juni hadi Agosti, kiangazi. Ondoa saruji kwa tindo na nyundo nyepesi ukianzia chini. Jekihama na grenda visiguse ukuta uliounganishwa kwa udongo, maana mtikisiko unalegeza mawe ambayo hukuyakusudia. Gonga kwanza: panapolia tupu patabanduka kirahisi. Panaponasa kiasi kwamba saruji inatoka na uso wa tofali, paache. Chumvi ifagie ikiwa kavu. Ukiosha unairudisha ndani. Ukuta uache wazi ukauke kwa muda mrefu uwezavyo, wiki sita au zaidi.

Chokua viungo vilivyolegea kina cha sm 2 hadi 3, lowanisha, jaza mota (mchanganyiko wa kuungia mawe) ya chokaa, na pachika vijiwe vidogo kwenye mapengo makubwa badala ya kujaza mota tupu.

Chokaa ya mfuko, ile laini ya unga, iloweke kwenye pipa walau usiku mzima. Wiki mbili ni bora zaidi, huwa laini kama siagi na hushika vizuri. Ukipata chokaa hai ya mabonge, tia chokaa kwenye maji kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, maana huchemka na kuruka. Miwani na glavu ni lazima. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi na uende hospitali.

Mchanga uwe wa mtoni, wenye chembe kali zinazokwaruza ukiusugua kiganjani. Mchanga wa ufukweni mwa ziwa mara nyingi ni laini na wa duara, haushikani. Upime: jaza chupa sm 10 za mchanga, ongeza maji, tikisa, acha saa chache. Tope la juu likizidi mm 8, uoshe mchanga au utafute mwingine. Chekecha kwa wavu wa mm 5 kwa tabaka za chini, mm 2.5 kwa la mwisho.

Uwiano ni chokaa 1 kwa mchanga 3 kwa ujazo. Kwa sehemu zinazopigwa na mvua ya kutoka ziwani ongeza nusu ya vumbi la tofali za kuchoma, lililotwangwa na kuchekechwa laini kama unga. Waashi wa Kihindi waliliita surkhi, na linaifanya chokaa ikakamae haraka na kuvumilia maji. Kwa ukuta wa mita za mraba 20 na unene wa mm 20 unahitaji mota ya takriban mita za ujazo 0.44 pamoja na upotevu. Hapo andaa mchanga mita za ujazo 0.48, yaani toroli nane za lita 60, na chokaa mita za ujazo 0.16, karibu kilo 88, maana yake mifuko minne ya kilo 25.

Piga tabaka mbili za mm 8 hadi 10, halafu la mwisho mm 3. Ukuta ulowanishwe jioni na tena asubuhi kabla ya kupiga. Tabaka la kwanza lichanwe mistari lingali bichi. Subiri hadi ukucha usiache alama kabla ya kupiga linalofuata, kwa kawaida wiki moja hivi. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa siku 7. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa, takriban mm 1 kwa mwezi, na hewa hiyo huingia tu kama kuna unyevu kidogo. Hapa ndipo mafundi waliozoea saruji hukosea: huiacha jua liikaushe siku ile ile, ikawa unga, kisha wakasema chokaa haina nguvu.

Ikipasuka kama tope la bwawa lililokauka, chokaa ilizidi au tabaka lilikuwa nene. Ikibanduka nzima nzima, ukuta ulikuwa mkavu au laini mno. Ukishawishika kutia saruji kidogo "iiongezee nguvu", jizuie. Mchanganyiko huo hauna uvumilivu wa chokaa wala nguvu kamili ya saruji.

Kwa ukuta wa tofali mbichi, tabaka la kwanza liwe udongo, mchanga na majani makavu yaliyokatwa vidole viwili, ndipo chokaa ifuate. Umaliziaji ni chokaa nyembamba kama maziwa, mikono minne au mitano, ukuta ukiwa na unyevu. Rangi ya plastiki ya ndoo inarudisha tatizo lile lile la saruji.

Kupanua mlango wa duka

Hapa kazi ni ya mhandisi na fundi aliyewahi kuifanya. Mwenye jengo aelewe hesabu ili asishawishike na bei ya chini. Tuseme ukuta wa mawe wa sm 45, na unataka uwazi wa mita 2.4 wenye mita 1.5 za ukuta juu yake. Ujazo ni 2.4 × 1.5 × 0.45, yaani mita za ujazo 1.62. Kwa kilo 2,200 kwa mita ya ujazo, umening'iniza tani 3.6 kabla ya paa na ghorofa. Kwenye ukuta wa tofali za saruji zilizofungamana, sehemu ya mzigo hujibeba kwa umbo la pembetatu. Kwenye mawe ya udongo usitegemee hilo.

Chagua mahali. Ukingo wa uwazi ukae angalau mita 1 kutoka pembe ya jengo, usiwe chini ya ncha ya mhimili wa ghorofa, wala juu ya mshono uliouchora mwanzoni. Kisha:

1. Toboa matundu matatu juu ya lenta mpya itakapokaa, yakiachana sm 80, na upitishe boriti za mbao ngumu za inchi 6 kwa 6 au za chuma kutoka upande hadi upande.
2. Simamisha nguzo mbili kwa kila boriti, ndani na nje, zisizidi sm 60 kutoka katikati ya ukuta. Tumia nguzo za chuma zenye skrubu. Mirunda ya kukazwa kwa kabari husinyaa na kulegea. Chini yake weka ubao wa inchi 2 kwa 9 juu ya ardhi imara. Hakikisha hapana shimo la zamani la choo au la maji chini.
3. Tegemeza pia sakafu ya ghorofa na paa, kwa nguzo zao wenyewe.
4. Kata nusu ya unene wa ukuta upande mmoja tu. Jenga vitako vya zege pande mbili, mfano sm 45 kwa 22 kina sm 15, ingiza mhimili wa kwanza ukilalia angalau sm 22 kila upande, shindilia mota kavu ya saruji na mchanga 1:3 kati ya mhimili na ukuta wa juu. Hapa saruji ina mahali pake.
5. Subiri siku 7, fanya upande wa pili, funga mihimili miwili pamoja kwa bolti.
6. Siku 7 nyingine, ndipo ukate uwazi chini kwa mkono, kutoka juu kwenda chini. Legeza nguzo robo mzunguko kwa siku, ukitazama vioo vya nyufa.

Lenta ya zege inayomwagwa papo hapo inawezekana, lakini nguzo zitakaa wiki nne, na zege hunywea kidogo na kuacha upenyo juu. Kinachoangusha kuta mara nyingi ni kukata kwanza na kutegemeza baadaye, au kuondoa nguzo kwa sababu mpangaji mpya anataka kufungua Jumatatu.

Ghorofa na fremu

Sakafu ya juu ya mbao ilijengwa kwa makazi, na sakafu ya makazi huhesabiwa kubeba takriban kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Gunia la sukari la kilo 50 hukalia kama mita za mraba 0.4, panga sita moja juu ya jingine na umefika kilo 750 kwa mita ya mraba. Stoo iwe chini. Tangi la lita 1,000 ni tani moja, lijengewe mnara wake uani badala ya kuegeshwa juu ya kuta za zamani.

Kugawa fremu juu kwa tofali za saruji za inchi 6 ni hatari: ukuta wa mita 3 kwenda juu una karibu kilo 900 kwa kila mita ya urefu. Tumia kiunzi cha mbao na ubao. Chini unaweza kutumia tofali, lakini usichimbe ukuta wa kale ili kufungamanisha. Acha nafasi ya sm 1 ijazwe chokaa, ili siku mpangaji akiondoka ukuta wake uondoke bila kuchukua mawe ya jengo.

Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu majengo mengi Bukoba, na ukuta mrefu usiofungwa juu ndio wa kwanza kuanguka katika mtikisiko. Ukuta wa mbele unaopanda juu ya paa ufungwe kwenye kenchi kwa vyuma, na kenchi zifungwe kwenye kuta. Paa likiwa wazi kwa matengenezo, hiyo ni kazi ya siku chache. Likishafungwa, inakuwa mradi.

Umeme: nyaya za zamani zilizofunikwa kwa mpira na kitambaa zing'olewe zote. Nyaya mpya zipite juu ya ukuta kwenye mabomba, kwa sababu kuchimba mfereji kwenye ukuta wa udongo kunaukata kama kisu.

Vibali na mabango

Kubadili mlango, kugawa fremu au kubadili matumizi kunahitaji kibali cha halmashauri ya jiji au manispaa kulingana na kiwanja kilipo, pamoja na michoro ya mbunifu na mhandisi waliosajiliwa na mkandarasi aliyesajiliwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863; ya baadaye hulindwa yakitangazwa rasmi. Uliza kabla ya kugusa, kwa maandishi, na uhifadhi jibu kwenye faili moja na michoro yako ya mishono, picha za kila chumba na vipimo.

Bango la duka lifungwe kwenye viungo vya mota, lisitobolewe kwenye jiwe au kwenye pambo la chokaa, kwa sababu kiungo kinazibika na pambo halirudi. Tumia bolti zisizoshika kutu. Kutu huvimba na kupasua lipu kutoka ndani. Na bango lisifunike jina na mwaka vilivyochongwa juu. Likiwa pana mno, lishushe usawa wa lenta, ambako hata mpita njia wa barazani atalisoma.